Leaf ya 2013 au Note e-Power: gari lipi la umeme kwa mtu wa Tabora mwenye safari za Nzega?

Swali: Habari za kazi, mtaalamu. Nina duka la nafaka na asali hapa Tabora mjini, nakaa Isevya. Siku sita za wiki gari langu linatembea kama kilomita 35 kwa siku: watoto shule, dukani, ghalani, nyumbani. Mara mbili kwa mwezi naenda Nzega kufuatilia mzigo na kurudi siku hiyo hiyo, na mara moja moja Urambo. IST yangu imechoka. Dalali wa Dar amenitumia picha za magari mawili anayosema ni ya umeme: Nissan Leaf ya 2013, "inatembea kilomita 200", na Nissan Note e-Power ya 2017. Bajeti yangu ni milioni 28, gari likiwa limefika mlangoni. Nichukue lipi? (Msomaji, Isevya, Tabora)

Jibu: Dada yangu, kwa kuwa umetaja kilomita zako, jibu halihitaji kubahatisha. Leaf ya 2013 usiichukue. Safari ya Nzega haitaiweza. Note e-Power ni gari zuri, ila si la kuchomeka kwenye umeme, kwa hiyo ukiinunua ujue umenunua gari la petroli linalobana mafuta. Linalokufaa ni Leaf yenye betri ya uniti 40 (yaani kilowati-saa 40), toleo lililoanza kutoka mwishoni mwa 2017, kwa masharti mawili: betri yake iwe imepimwa, na Nzega uwe na mahali pa uhakika pa kuchaji mchana. Ukikosa sharti moja kati ya hayo, chukua Note.

Nianze na Note, maana hapo ndipo wanunuzi wengi wanapotoshwa. Chini ya boneti ina injini ya petroli ya lita 1.2. Injini hiyo haizungushi magurudumu. Inazalisha umeme, na mota ndiyo inayosukuma gari. Betri yake ni ndogo sana, kama uniti moja na nusu, na hakuna tundu la kuchajia popote kwenye bodi. Kila kilomita inatoka kwenye tenki. Kwa uendeshaji wa utulivu tarajia lita 5 hadi 6 kwa kilomita 100, ambayo ni nafuu ya kweli ukilinganisha na IST iliyochoka. Ukiambiwa gari lolote ni la umeme, muombe muuzaji picha ya tundu la kuchajia likiwa wazi. Kwenye Leaf liko puani, chini ya kifuniko kilicho mbele ya boneti. Asipokuwa na picha hiyo, anakuuzia haibridi.

Sasa tuje kwenye umbali. Kilowati-saa ya betri ndiyo uniti ile ile unayonunua kwenye LUKU, kwa hiyo hesabu zote nitazifanya kwa uniti. Kilomita 200 alizokutajia dalali zinatokana na kipimo cha zamani cha Japani, ambacho huwa na ukarimu mkubwa. Leaf ya uniti 40, kwa mfano, ilitangazwa kule kuwa inatembea kilomita 400; kipimo cha serikali ya Marekani kiliipa 243. Leaf ya uniti 24 kama hiyo ya 2013 Marekani iliipa kama 120 tu, nayo ikiwa mpya.

Betri ya uniti 24 ikiwa mpya hutoa kama uniti 21 za kutumika. Baada ya miaka zaidi ya kumi, ikiwa imebaki na asilimia 70 ya uwezo wake, utapata kama 15. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa kwenye lami, kiyoyozi kikiwashwa kwa kiasi, kadiria kilomita 6 kwa uniti moja. Hizo ni kilomita 90 mpaka gari lizime. Weka kando asilimia 15 ya akiba, kwa sababu mvua, upepo wa mbele na mzigo vyote vinakula chaji, na unabaki na kilomita 75. Tabora hadi Nzega ni kilomita 115. Gari hilo litakuacha njiani baada ya kupita Puge, mahali ambapo hakuna atakayekusaidia zaidi ya lori la kukubeba.

Leaf ya uniti 40 yenye uzima wa asilimia 85, yaani betri iliyobaki na asilimia 85 ya uwezo wake wa awali, inatoa kama uniti 32. Mara sita ni kilomita 190, toa akiba, zinabaki kama 160. Kwenda Nzega unafika vizuri. Kwenda na kurudi ni 230, kwa hiyo unapungukiwa kilomita 70, sawa na uniti 12 za kuongeza ukiwa huko. Kwenye soketi ya kawaida ya ukutani, kwa ampea 10, gari linapokea kama uniti 2 kwa saa baada ya upotevu. Ni saa sita. Ukiondoka Isevya saa kumi na mbili asubuhi, ukafika saa mbili kasoro na kuchomeka kwenye ghala la mtu unayemfahamu, saa nane mchana unaweza kugeuza. Urambo ni kilomita 94, kwenda na kurudi 188. Hapo unahitaji kuongeza uniti 5 hivi, saa mbili na nusu. Hakikisha soketi ya huko uliiona kwa macho na kuipima kabla ya siku ya safari. Ahadi ya simu kwamba "umeme upo" haitoshi.

Mwendo ndio unaowaangusha wengi. Ukitoka 80 ukaenda 100 na zaidi, unapoteza karibu robo ya umbali. Dereva wa IST hajazoea kulifikiria hilo kwa sababu petroli inapatikana kila mji. Mwenye Leaf atakayekimbizana na mabasi ya asubuhi atajikuta amefika Nzega na asilimia 10.

Pia ipo Leaf ya uniti 62, iliyoanza 2019. Ikiwa na uzima wa asilimia 90 inaenda Nzega na kurudi bila kuchomekwa. Kama bajeti yako ingeipata, ningekuambia usiangalie nyingine.

Betri ipimwe kabla hela haijatoka, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndiyo sehemu ya gari inayoamua kila kitu. Kwenye dashibodi ya Leaf, pembeni kabisa ya kipimo cha chaji, kuna vijistari vidogo 12 vinavyoonyesha uzima wa betri. Cha kwanza huanguka uzima ukifika kama asilimia 85, na kila kinachofuata ni kama asilimia 6 zaidi. Vijistari 9 maana yake uzima uko kati ya 66 na 72. Tatizo ni kwamba kompyuta ya betri inaweza kufutwa kumbukumbu, na vijistari vyote 12 vikarudi kwenye betri iliyokwisha. Baada ya wiki kadhaa za kuendesha huanguka tena, wakati huo gari ni lako.

Kwa hiyo usinunue kwa kuangalia vijistari peke yake. Tafuta kifaa kidogo cha OBD (cha kusoma kompyuta ya gari) cha Bluetooth, kinachochomekwa chini ya usukani, na programu ya simu inayoitwa LeafSpy. Inakuonyesha uzima kwa asilimia (umeandikwa SOH), idadi ya mara gari lilivyochajiwa kwa chaja ya haraka, na volti ya kila jozi ya seli kati ya jozi 96. Angalia tofauti kati ya jozi yenye volti kubwa na yenye volti ndogo. Betri ikiwa nusu, tofauti ya milivolti 20 au 30 haina shida. Kisha mtu aliendeshe gari mpaka chaji ibaki chini ya asilimia 20, halafu apime tena huku akikanyaga mafuta. Jozi moja ikidondoka peke yake kwa zaidi ya milivolti 100 wakati wenzake wametulia, hiyo ndiyo seli mbovu, nayo italizima gari zima hata kama zile 95 ni nzima.

Kipimo cha pili hakidanganywi kirahisi na kompyuta iliyofutwa. Chaji ijae, andikeni asilimia, gari liendeshwe kilomita 30 kwa mwendo wa 60 hadi 70, andikeni tena. Safari hiyo inakula kama uniti 5. Leaf ya 40 iliyo nzima itashuka asilimia 15 hadi 17. Ikishuka zaidi ya 20, achana nayo hata kama vijistari vyote vinang'aa. Dalali akikataa kipimo hiki, mshukuru na uondoke.

Joto la kwetu nalo lina neno. Betri ya Leaf haina mfumo wa maji wa kuipoza. Inapozwa na hewa inayopita chini ya gari tu. Leaf za mwanzo zilipoteza uwezo haraka kule Phoenix, Arizona, mpaka 2012 wenye magari wakaanza kulalamika hadharani, na Nissan ikaleta betri inayostahimili joto zaidi katika toleo la 2015. Tabora siyo Arizona, lakini Septemba na Oktoba jua la saa nane si la kuliachia betri iliyojaa. Paki chini ya mwembe au kibandani, siku za kawaida ishia asilimia 80, na ya 100 iwe ya usiku wa kuamkia Nzega.

Sasa nyumbani kwako. Mpango wako mzima usitegemee chaja ya barabarani. Hapa Tabora panga kana kwamba soketi yako ndiyo kituo cha mafuta pekee. Magari ya Japani huja na kebo ya kuchajia ya volti 200 na ampea 15, ikiwa na plagi ya kwao. Kosa linalofanyika sana ni kuikata plagi hiyo na kufunga ya pini tatu ya ampea 13. Kebo itaendelea kuvuta ampea 15 kwa saa nane mfululizo kupitia plagi isiyozidi 13. Skrubu ya waya wa moto ndani ya soketi inalegea kwa kupata moto na kupoa, plastiki inageuka rangi ya kahawia kuanzia tundu la kulia, halafu harufu. Pasi na jagi la maji havikuwahi kukuonyesha hilo kwa sababu havikai saa nane. Kebo ya volti 100 nayo, ikija na gari, usiichomeke kabisa.

Nunua kebo ya volti 230 yenye plagi ya gari ya Type 1 (ndiyo tundu la Leaf za Japani) inayokuruhusu kuchagua ampea 6, 8, 10, 13 au 16. Kisha fundi mwenye leseni ya EWURA akuvutie laini yake yenyewe kutoka kwenye breka kuu: waya wa milimita za mraba 4, breka ya ampea 20, breka ya kukata umeme unapovuja ya milliampea 30, na soketi ya buluu ya viwandani ya ampea 16. Laini hiyo isishirikiane na friji wala pampu ya maji. Na ethi ipimwe kwa mita. Nyumba nyingi zina fimbo ya ethi iliyopigwa zamani kwenye udongo mkavu, na mwezi wa kiangazi haifanyi kazi. Kebo ya gari ikikosa ethi huwasha taa nyekundu na kukataa kuchaji, halafu lawama anapewa mwenye kuuza gari.

Siku ya kwanza, baada ya saa moja ya kuchaji, shika plagi kwa kiganja. Uvuguvugu ni sawa. Ukishindwa kuishika kwa sekunde tano, zima breka, mwite fundi akaze.

Kama mtaa wako uko mwisho wa laini, jioni volti zinashuka watu wakipika na kuangalia televisheni. Weka muda wa kuchaji kwenye gari lenyewe, kuanzia saa tano usiku hadi saa kumi na moja alfajiri. Saa hizo sita kwa ampea 10 zinakupa uniti kama 12 ndani ya betri, yaani kilomita 72, mara mbili ya mzunguko wako wa siku. Umeme ukikatika na kurudi kwa kishindo, kinga iwe kwenye boksi kuu la breka; vile vikinga vya friji vinavyochomekwa ukutani havikutengenezwa kubeba mzigo huu kwa saa nyingi, na huungua.

Hela. Kilomita 35 ni uniti 6 ndani ya betri, na kwenye mita zitakatika kama 6.7 kwa sababu ya upotevu wa kuchaji. Kwa shilingi 356 kwa uniti, bei ya mteja wa kawaida wa TANESCO pamoja na kodi, ni kama 2,400 kwa siku, 62,000 kwa mwezi wa siku 26. IST inayokula lita 9 kwa kilomita 100 mjini itahitaji lita 82 kwa kazi hiyo hiyo. Ukiweka petroli 3,000 kwa mfano ni 246,000. Weka bei ya Tabora ya mwezi huu kutoka kwenye tangazo la EWURA la Jumatano ya kwanza, utaona namba yako halisi. Unabakiwa na zaidi ya shilingi milioni 2 kwa mwaka. Ila angalia: kama nyumba yako iko kwenye ile bei nafuu ya wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, gari litakutoa huko, na uniti zote za nyumbani zitapanda bei pamoja nalo. Ingiza hilo kwenye hesabu kabla ya kufurahi.

Kwenye bei ya kununua, urahisi wa gari la 2013 ni wa machoni. Gari lenye miaka 10 na zaidi linabeba ushuru wa uchakavu wa asilimia 30, la miaka 8 hadi 10 asilimia 15, juu ya ushuru mwingine wote. Leaf za mwanzo za uniti 40 nazo huenda umri huo umeshazifikia, kwa hiyo tazama mwaka wa kutengenezwa na uingize gari hilo hilo kwenye kikokotoo cha magari yaliyotumika cha TRA siku unayotaka kulipa. Viwango hupitiwa kila bajeti mpya ya Julai. Kwenye milioni 28 zako toa kwanza kebo na laini ya nyumbani, usafiri wa kutoka Dar, na betri ndogo ya volti 12. Kinachobaki ndicho umuulize dalali. Kama Leaf ya 40 iliyopimwa haiingii humo, usiteremke kwenye ya 24. Ya uniti 30 inatosha mjini, na Nzega ukapanda basi, au Note.

Wengine watakutajia Mitsubishi Outlander PHEV. Ina betri ya uniti 12, inatembea kilomita 40 hivi kwa umeme kisha injini ya lita 2.0 inachukua, na imeinuka kutoka ardhini kuliko Leaf. Kwa mwenye shamba huko Sikonge kwenye vumbi na makorongo ningemshauri hiyo. Kwako ni mifumo miwili ya kutunza kwa kazi inayoweza kufanywa na mmoja. Magari ya Kichina yaliyotumika kwao, bei ikikuvutia, kagua usukani uko upande gani na tundu la kuchajia ni la aina gani. Mengi yana tundu la GB/T, na kebo yako ya Type 1 haitaingia. Yaliyotengenezwa kwa soko la nje, kama BYD Atto 3, ni imara na betri yake inavumilia kujazwa 100 mara kwa mara, ila hayako kwenye milioni 28.

Kwa msomaji wa Kigoma hesabu ni ile ile, Kasulu ikichukua nafasi ya Urambo. Tofauti ni vilima. Mtu wa Mwanga anayeanza siku kwa kushuka kwenda bandarini asijaze betri 100, kwa sababu betri iliyojaa haipokei umeme unaorudishwa na mota wakati wa kushuka, na breki za kawaida ndizo zitakazobeba mteremko wote. Asilimia 90 inatosha, na mteremko utamrudishia kidogo.

Gari likifika Dar lisiendeshwe hadi Tabora. Lipakiwe kwenye lori, betri ikiwa kati ya asilimia 40 na 60. Likishushwa, kitu cha kwanza kubadilisha ni betri ya volti 12, hata kama bado inawasha taa, kwa sababu ikifa gari zima haliwaki ingawa betri kubwa imejaa, na mafundi hupoteza siku nzima wakitafuta ugonjwa usiokuwepo. Tazama pia karatasi ya plastiki iliyo chini ya gari kama skrubu zote zipo. Leaf ina nafasi ya sentimita 15 hadi 16 kutoka ardhini, na plastiki iliyolegea inakwanguliwa na tuta la kwanza. Fundi wako wa sasa ataendelea kufanya breki, shokapu, tairi na taa. Mwonyeshe nyaya nene za rangi ya chungwa siku hiyo hiyo: zinabeba karibu volti 400, na asiziguse hata gari likiwa limezimwa.